Mcheza Kwao na Mtazamaji wa Ugenini: Ngoma katika Thika na Ruiru

Methali ya Kiswahili yasema kwamba mcheza kwao hutuzwa. Ndani ya maneno hayo matatu mna nadharia nzima ya sanaa za maonyesho: mchezaji anajulikana, mtazamaji anaelewa anachokiona, na tuzo hutoka kwa mjuzi. Madhumuni ya makala haya ni kuchunguza yaliyoipata nadharia hiyo katika miji ya Thika na Ruiru, ambako kwa zaidi ya miaka mia moja watu wengi wamecheza mbele ya wasio wa kwao.

Yafaa kuanza na neno lenyewe. Katika Kiswahili, ngoma ni chombo kinachopigwa, ni uchezaji, na tena ni shughuli nzima inayowakusanya watu. Katika Kigikuyu, neno liandikwalo vivyo hivyo lina maana ya mizimu au pepo. Michezo yenyewe hutajwa kwa majina yake mahsusi, kama vile kibata cha wapiganaji na gicukia ya vijana. Kwa hiyo, hata mwaliko wa kwenda ngomani ulihitaji kufasiriwa.

Reli kutoka Nairobi ilifika Thika mwaka 1913, ikipitia Ruiru, na mashamba ya walowezi, hasa ya kahawa na mkonge, yakahitaji vibarua. Kodi iliwasukuma wanaume kutafuta ujira. Katika laini za vibarua Mgikuyu akawa jirani wa Mkamba, kisha wa Mjaluo na Mluhya. Lugha iliyowaunganisha mara nyingi ilikuwa Kiswahili cha kazini, ambacho katika vinywa vya mabwana-shamba kiliitwa Kisetla. Kilitosha kuamrishana na kununua chumvi, lakini hakikutosha kufasiri nyimbo.

Chukua mfano wa kilumi cha Wakamba. Kwa wenyewe, hicho ni ngoma ya wanawake ya kuwaridhisha aimu, yaani mizimu, na kuwatibu waliopandwa nao. Mgeni asiye na lugha huona akina mama wazee wakitikisika tu. Acheke au asifu, hajui anachokicheka wala anachokisifu. Hali kadhalika nyatiti ya Wajaluo, yenye nyuzi nane, ambayo mpigaji huigonga kwa pete ya chuma iliyo katika kidole cha mguu: mgeni huvutwa na mguu, ilhali mwenye Kijaluo hufuata majina ya wanaosifiwa.

Hata hivyo, mtazamaji wa ugenini hakubaki kipofu daima. Mwishoni mwa mwaka 1929, katika mgogoro kati ya misheni na Wagikuyu juu ya tohara ya wanawake, uliibuka muthirigu, ngoma iliyowakejeli wamisionari na machifu. Serikali iliupiga marufuku mapema mwaka 1930. Hapana shaka kwamba kilichoogopwa si hatua za miguu bali maneno. Mtawala alikuwa amekwisha kuelewa, na tuzo yake ikawa marufuku.

Mwomboko, uliositawi katika miaka ya 1940, waonyesha njia nyingine. Wagikuyu waliokuwa wametazama dansi za Kizungu walichukua kodiani na mtindo wa kucheza wawili wawili, mwanamume na mwanamke, wakaongeza karing'aring'a, pete ya chuma inayogongwa, pamoja na mashairi ya Kigikuyu. Mtazamaji wa jana akawa mchezaji, na cha ugenini kikawa cha kwao.

Baada ya uhuru wa 1963, serikali yenyewe ikawa mwenye ngoma. Bomas of Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1971 huko Langata, Nairobi, ilikuwa na kundi la wachezaji wa kulipwa lililocheza ngoma za makabila mengi. Faida yake haikanushiki, kwani mkazi wa Thika aliweza kuona katika alasiri moja yale ambayo babu yake aliyaona laini kwa laini. Lakini sasa mchezaji hakuwa kwao, na mtazamaji naye alilipa kiingilio badala ya kutuza.

Tangu miaka ya 1990, mugithi umeshika kumbi za miji hii. Neno hilo lina maana ya gari moshi: wachezaji hushikana viunoni kama mabehewa, huku mwimbaji akipiga gita. Yeyote aweza kujiunga nyuma, wala haulizwi kabila. Walakini mafumbo na mizaha ya Kigikuyu humpita abiria asiye na lugha.

Kutokana na hayo, yaonekana kwamba ugeni wa mtazamaji hauondolewi na wingi wa maonyesho, bali na kuelewa maneno au kuingia uwanjani. Jambo hili si dogo. Mwaka 2014 UNESCO iliiingiza isukuti ya Waisukha na Waidakho katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Na huko Ruiru mashamba ya kahawa yanageuka mitaa ya nyumba, huku wazee wa laini wakipungua. Idara za lugha zina wajibu wa kuziandika nyimbo hizo katika lugha zake, pamoja na tafsiri ya Kiswahili kilicho kamili, si kile cha kuamrishana. Hapo ndipo mcheza ugenini naye atakapotuzwa.