Bomu Katika Kioo cha Kompyuta

Mvuvi wa Puta, katika Ziwa Mweru, ajua kuwa tundu moja huzamisha mtumbwi mzima. Ndivyo ilivyokuwa kompyuta ya Macintosh, iliyotolewa Marekani Januari 1984: programu na mfumo wenyewe vilikaa katika kumbukumbu moja isiyo na kuta. Programu ikikosea, mashine nzima iliweza kukwama. Hapo kiooni ilitokea picha ya bomu, iliyochorwa na Susan Kare, pamoja na namba ya kosa. Namba 02 ilimaanisha anwani mbovu ya kumbukumbu. Mwandishi aliyepoteza kurasa zake hakuelezwa hivyo. Kuta zilikuja na Mac OS X, mwaka 2001. Basi, walimu wenzangu, alama nyekundu isiyo na maelezo nayo ni bomu.