Asili ya Neno "Vernacular"

Wakati wa utawala wa Waingereza katika Afrika ya Mashariki, neno *vernacular* lilienea mno katika maandishi ya elimu, na kila lugha ya wenyeji iliweza kutiwa humo. Waliolitumia ni wachache waliojiuliza limetoka wapi.

Mzizi wake ni neno la Kilatini *verna*, yaani mtumwa aliyezaliwa nyumbani mwa bwana wake. Sifa itokayo humo, *vernaculus*, yaeleza kitu cha papo hapo, kisicholetwa. Varro, aliyefariki mwaka 27 K.K., alipoyachungua majina ya wanyama wa majini aliyagawa mafungu mawili: yaliyo *vernacula*, ya Kilatini chenyewe, na yaliyotoka ugenini. Hapo hapakuwa na dharau hata kidogo, maana lugha iliyosifiwa hivyo ilikuwa ya watawala wenyewe.

Msomaji wa pwani hatashangazwa na mzizi huo. Zamani za utumwa, aliyezaliwa utumwani katika nyumba ya bwana aliitwa mzalia, naye alijiona bora kuliko mjinga, yaani mtumwa mgeni aliyeletwa kutoka bara, asiyejua bado lugha wala desturi za mji. Mzalia alitambulikana kwa usemi wake.

Waingereza waliliazima neno hili karibu na mwaka 1600, nao walilitumia kwanza kwa lugha yao wenyewe mbele ya Kilatini cha wasomi. Dharau ilikuja baadaye, neno liliposafiri na dola. Huko Bara Hindi, sheria ya mwaka 1878 iliyabana magazeti ya *vernacular*, na yale ya Kiingereza yakaachwa. Mwaka 1953 UNESCO ilitoa taarifa juu ya lugha hizo katika elimu, ikazieleza kuwa ni lugha za mama za watu waliotawaliwa, kijamii au kisiasa, na watu wa lugha nyingine. Basi mtumwa wa Kirumi karudi kwa mlango wa nyuma!

Kiswahili hufasiri *vernacular* kwa "lugha ya kienyeji". Tafsiri hii ina kosa la heri, kwani *verna* amezaliwa nyumbani asiimiliki nyumba, bali mwenyeji ndiye mwenye nyumba, apokeaye wageni. Lakini "kienyeji" nalo limeanza kushuka: mtu akisema "dawa ya kienyeji" au "njia za kienyeji", mara nyingi sauti yake yatosha kumjulisha msikilizaji kwamba hazisifu.