Piza ya Napoli: Mkate wa Kilichopo

Mwaka 997, katika mji wa Gaeta kusini mwa Italia, mkataba mmoja wa Kilatini ulimtaka mpangaji wa kinu ampelekee askofu piza 12 kila Krismasi na nyingine 12 kila Pasaka. Maandishi hayo ni miongoni mwa ya kale kabisa yenye neno la piza. Piza za askofu hazikuwa na nyanya, kwani nyanya ni zao la Amerika na lilifika Italia katika karne ya 16.

Piza ijulikanayo leo ililelewa na maskini wa Napoli katika karne ya 18 na ya 19. Wachukuzi, wavuvi na vibarua wa mji huo waliishi familia nzima katika chumba kimoja kisicho na tanuri, wakanunua chakula kwa wachuuzi waliopita mitaani. Unga, maji, chumvi na chachu havikubadilika. Kilichobadilika ni cha juu: kitunguu saumu na mafuta, au mafuta ya nguruwe, jibini kidogo, nyanya, au samaki wadogo mfano wa dagaa. Mchuuzi alitandaza kile alichokimudu siku hiyo.

Mwandishi Mfaransa Alexandre Dumas aliliona jambo hilo vizuri kuliko wengi. Katika kitabu chake *Le Corricolo* cha mwaka 1843 alieleza kwamba bei ya piza ilikuwa kipimo cha soko zima. Piza ya samaki ikishuka bei, ilijulikana kuwa wavuvi wamepata. Ya mafuta ikipanda, mavuno yalikuwa mabaya. Alitaja pia piza zilizokaa wiki nzima, zilizouzwa kwa wenye pesa kidogo.

Simulizi maarufu zaidi ni ile ya mwaka 1889, kwamba mpishi Raffaele Esposito alimtengenezea Malkia Margherita piza ya nyanya, mozzarella na majani ya mrihani, rangi tatu za bendera ya Italia. Simulizi hiyo imepewa sifa kupita kiasi. Miaka mingi kabla ya hapo, mwandishi Emanuele Rocco alikuwa ameshaandika juu ya piza za Napoli zilizowekwa mozzarella na mrihani. Jina la malkia lilipewa chakula ambacho watu wa kawaida walikwisha kukizoea.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Napoli ilikuwa imebomolewa kwa mabomu na mozzarella ilikuwa ghali. Hapo piza ya kukaanga, ambayo haikuhitaji tanuri la kuni, ikawa tegemeo la wengi. Wanawake waliikaanga kwenye karai milangoni mwa nyumba zao, wakiijaza jibini laini la ricotta na vipande vya mafuta ya nguruwe vilivyokaushwa, au bila kujaza chochote. Nao waliiuza kwa mkopo: iliyoliwa leo ililipiwa baada ya siku nane. Kwa mtu anayeishi kwa kibarua cha kutwa, mkopo huo ulikuwa na uzito sawa na chakula chenyewe. Filamu *L'oro di Napoli* ya mwaka 1954 inamwonyesha Sophia Loren akifanya biashara hiyo.

Oveni za gesi na za umeme zilipoingia majumbani katika karne ya 20, piza ilianza kuokwa nyumbani kwenye sinia la chuma, ikiwa nene na laini zaidi. Oveni hizo hazifikii joto la tanuri la kuni, ambalo huivisha piza kwa dakika moja au moja na nusu.

Jina la piza limefika pia Zanzibar. Katika bustani ya Forodhani, mpishi hutandaza donge jembamba kama la chapati, hulijaza kima, kitunguu, yai na jibini, hulikunja, kisha hulikaanga kwenye chuma cha moto. Kilichomo ndani huchaguliwa na mteja, kutoka katika mabakuli yaliyopangwa mezani.