Pombe ya Ndizi na Kitanda cha Chuma

Mwaka 1879 tabibu mmisionari wa Kiingereza, Robert Felkin, alikuwa Kahura, Bunyoro, katika Uganda ya leo. Alikuwa amepanda Mto Nile na kupita Lado, mwendo mfupi kaskazini mwa hapa Juba. Kahura alimshuhudia fundi akimpasua binti wa miaka kama 20, mimba ya kwanza, ili kumtoa mtoto. Binti alilazwa kwenye kitanda cha mteremko, akanyweshwa pombe ya ndizi hadi akalewa nusu. Pombe hiyohiyo fundi alinawia mikono na kuoshea tumbo. Msaidizi aligusa mishipa inayovuja kwa chuma cha moto, na kidonda kikafungwa kwa misumari saba myembamba iliyozungushiwa kamba za magome. Siku ya 11 Felkin aliwakuta mama na mtoto wazima. Alichapisha habari hizo mwaka 1884 huko Edinburgh, mji uleule ambako James Young Simpson alianza kuwapa wazazi klorofomu mwaka 1847.

Mimi ni mkunga hapa Juba. Kiswahili nilikipata Kakuma, ukimbizini. Wakunga wapya huwa nawaanzia na kisa hiki, maana nimechoka kusikia kwamba mwanamke wa kwetu amezoea maumivu, hahitaji dawa. Nimeyasikia kwa wageni na kwa wenzangu wa wodini. Mafundi wa Bunyoro hawakufikiri hivyo. Walimpunguzia binti yule maumivu kwa walichokuwa nacho.

Na majumbani pia palikuwa na njia. Wazee wa mitaa ya Munuki na Gudele hunieleza: mzazi anapiga magoti au anachuchumaa, mwanamke mwingine anakaa nyuma yake akimkumbatia chini ya matiti, na daya, mkunga wa jadi, anamkandamiza kiuno kwa viganja kila uchungu unapopanda. Kule kaskazini mwa Sudan mzazi alishika kamba iliyoning'inizwa darini. Mwaka 1921 Mabel Wolff alifungua shule ya wakunga Omdurman, akafundisha usafi, na usafi umeokoa wengi. Hilo silipingi hata kidogo.

Ninachokipinga ni jinsi hospitali zetu zilivyofanya biashara ya upande mmoja. Zilimtoa mama kwenye magoti zikamlaza chali juu ya kitanda cha chuma, na dada yake zikamwacha nje ya mlango. Dawa ambayo ingefidia hayo haikuja. Pethidini ilipatikana Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1930, na mwaka 1950 wakunga wa Uingereza waliruhusiwa kuitoa wenyewe. Lakini ni dawa ya kulevya chini ya mkataba wa kimataifa wa 1961: inataka vibali, daftari, kabati la kufuli na sahihi ya daktari. Nimefanya kazi mahali ambapo kabati lilikuwepo, kufuli ipo, ndani hamna kitu. Sindano ya ganzi ya mgongoni na ketamini tunawawekea wa upasuaji. Anayejifungua kawaida akibahatika hupata vidonge vya parasetamoli.

Najua sababu inayotolewa. Utafiti wa 2006 hapa Sudan Kusini ulikadiria vifo vya wazazi 2,054 kwa kila vizazi hai 100,000, na nchi ilipopata uhuru mwaka 2011 ilitajwa kuwa na wakunga wanane tu waliosajiliwa. Chuo cha uuguzi na ukunga cha Juba kilikuwa kimefunguliwa mwaka mmoja kabla. Katika hali hiyo nani angezungumzia maumivu? Mimi nasema ndipo hasa pa kuyazungumzia, kwa sababu mama anayekiogopa kitanda hubaki nyumbani mpaka damu imzidi. Baada ya Desemba 2013, vita vilipozuka na amri ya kutotoka usiku ikawekwa, wengi hawakuwa na la kuchagua. Lakini hata barabara zilipofunguliwa, wapo waliokaa nyumbani kwa hiari yao.

Mmoja wao, mzao wa tano, aliletwa kwangu njia ikiwa imekaribia kufunguka yote. Alikuwa amejifunga shuka ya lawo begani. Nikamwonyesha kitanda, akakitazama.

"Sista, hapo juu nitakufa. Niache chini, na mama mkwe aingie."

Nikatandika mkeka na plastiki. Mama mkwe akapiga magoti nyuma yake, ngumi mbili kwenye mfupa wa kiuno, akikandamiza kwa nguvu ambayo mimi sina. Mtoto alitoka kabla sijamaliza kuvaa glavu ya pili.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 unayataja yote hayo: msindikizaji anayemtaka mama, mkao anaoutaka, kukandwa, na dawa za maumivu kwa anayeziomba. Matatu ya kwanza hayana gharama, na zamu yangu tunayafanya. La nne naendelea kuliandikia barua. Yote hayo huanza kwa kumsikiliza mama mwenyewe, lakini kwa upasuaji mara nyingi mume au kaka ndiye anayetafutwa kwanza kwa simu aridhie, mama akiwa amelala pale, akili timamu, anajua kusema ndiyo.