Jina la Ulaya, Ndizi za Kwetu

Mwulize mzee wa Ijuganyondo vinywaji vya jadi. Atakutajia olubisi, nami nakubali. Ndizi mbivu hukamuliwa kwa miguu na nyasi mtumbwini, juisi ikachanganywa na unga wa mtama uliokaangwa, ikalala. Kesho yake jioni kibuyu kinazunguka, na maneno yanakuwa mengi.

Lakini akiongeza enkonyagi (si ile ya kiwandani, ni hii inayotoneshwa kutoka olubisi hiyohiyo), hapo namkatiza: shikamoo babu, jina hilo limetoka Cognac, mji mkongwe wa Ufaransa wenye sifa ya brandi.

Lilifikaje vibanjani? Mwaka 1890 Emin Pasha alianzisha boma la Wajerumani Bukoba. Mwaka huohuo wakubwa wa Ulaya waliwekeana mkataba kule Brussels kuzuia pombe kali isiuzwe katika sehemu kubwa ya Afrika. Waingereza nao walipokabidhiwa Tanganyika wakaendeleza katazo. Basi Mzungu jioni anatulia na glasi yake, ziwa mbele yake. Mhaya akikutwa na glasi ileile ana kesi. Mimi naona watu waliamua tu kujipikia kile walichonyimwa, na jina lake wakalichukua.

Uhuru ulikuja 1961, ila sheria ya moshi ya 1966 ikataka leseni. Mama mwenye pipa moja angeipata wapi? Akawa anapika usiku, sikio liko njiani. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye pipa la namna hiyo.