Mizani

Madereva wa malori ya Tunduma hawasemi "kituo cha kupimia uzito wa magari". Wanauliza tu: mizani umepita? Malenga huhesabia silabi kwa neno hilohilo, na muuza mchele hupimia kilo. Kwa dereva, mizani ni pale kituoni Mpemba pote, pamoja na foleni na faini. Kikomo cha uzito wa lori katika sheria ya Afrika Mashariki ni tani 56, iwe jua iwe mvua.

Kwa ndege, kikomo hupandishwa na kushushwa na hewa. Hewa ya joto ni nyepesi, na ya nyanda za juu vilevile. Kiwanja cha Songwe kipo zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari; saa saba mchana rubani hawezi kuruka na mzigo ambao angeubeba alfajiri. Miongoni mwa walioumia ni marubani wa Sea Harrier za Uingereza, zilizotua wima juu ya manowari. Katika joto la Ghuba ya Uajemi injini ilishindwa kuishusha ndege ikiwa na makombora yasiyotumika, ikabidi yaachwe nchi kavu au yatupwe baharini. Ndege hizo zilistaafishwa mwaka 2006, na udhaifu huo ukiwa miongoni mwa sababu.

Basi waandishi wenzangu, "ndege imezidisha mizani" si sahihi. Mizani hupima, kinachozidi ni uzito. Andikeni: ndege imezidi uzito.