Kuosha madirisha: Nyongeza yenye faida kwa kampuni ya usafi, mradi ianzie chini

WENYE kampuni ndogo za usafi katika miji ya Kenya hukumbana na swali moja kila mara wanapomaliza kusugua sakafu na kupiga zulia deki: "Na madirisha je?"

Wengi hujibu kwamba hawashughulikii kazi hiyo, na mteja humtafuta mtu mwingine. Wengine hukubali papo hapo, wakaazima ngazi kwa jirani na kumtuma kibarua juu bila mafunzo wala bima.

Majibu yote mawili yana hasara. La kwanza humpa mshindani nafasi ya kuingia mlangoni. La pili laweza kumgharimu mfanyakazi maisha yake, na mwenye kampuni biashara yote aliyoijenga kwa miaka mingi.

Njia ya busara ni kuongeza huduma hii hatua kwa hatua, kuanzia madirisha yanayofikiwa na mtu aliyesimama chini.

Wateja wa kwanza

Faida kubwa ya kampuni ambayo tayari iko sokoni ni kwamba haihitaji kutafuta wateja wapya. Ofisi, shule, zahanati na nyumba inazozihudumia zina madirisha, na wenyewe wanaiamini.

Njia rahisi ya kuwashawishi ni kuosha kioo kimoja bila malipo na kuacha cha pembeni kilivyo. Tofauti itakayoonekana itasema zaidi ya tangazo lolote.

Inafaa pia huduma hii iwekwe katika kandarasi kwa ratiba maalumu, kwa mfano kila mwezi kwa duka lililo kando ya barabara yenye vumbi, na kila baada ya miezi 3 kwa nyumba ya kuishi. Kazi ya ratiba huleta mapato ya kutegemewa, na kioo kinachooshwa mara kwa mara huchukua muda mfupi kukisafisha.

Vifaa na mbinu

Vifaa vya kuanzia si ghali. Vinavyohitajika ni ndoo, kitambaa au sifongo ya kulowesha, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, vitambaa visivyoacha nyuzi, mpini wa kurefushwa, na kifutio cha mpira, yaani kishikio chenye ukingo laini wa mpira unaokokota maji kwenye kioo.

Mpira huo ndio roho ya kazi. Ukichakaa au kukatika kidogo tu, huacha michirizi. Sharti ubadilishwe mapema.

Vumbi hufagiliwa kwanza kwenye fremu na kingo, kisha kioo huloweshwa na kukokotwa kuanzia juu kwenda chini. Kingo hukaushwa mwisho. Sabuni iwe kidogo, kwani ikizidi huacha utando. Kazi isifanywe juani moja kwa moja, maana maji hukauka kabla ya kukokotwa na kuacha madoa.

Gazeti kuukuu, linalotumiwa katika nyumba nyingi, hung'arisha kioo kidogo lakini wino wake waweza kuchafua fremu nyeupe. Halimfai anayelipwa kwa kazi hiyo.

Maji nayo yana siri yake. Maji ya visima vingi yana madini ambayo huacha madoa meupe yakikaukia kwenye kioo. Ndiyo maana kampuni kubwa hutumia maji yaliyochujwa madini, yanayopandishwa kwa mpira ndani ya mpini mrefu wenye brashi, na kioo huachwa kikauke chenyewe.

Majengo mapya yanahitaji hadhari zaidi. Matone ya saruji yakikaa sana hula kioo, na wembe wa kuyakwangua waweza kukikwaruza, hasa kioo kilichoimarishwa kwa moto. Mwosha madirisha amwonyeshe mteja mikwaruzo yote iliyopo kabla ya kuanza, ipigwe picha, na makubaliano yaandikwe. Vioo vilivyobandikwa karatasi ya kupunguza jua navyo visioshwe kwa dawa yenye amonia.

Kupanga bei

Kosa la kawaida ni kutoza kwa idadi ya madirisha. Dirisha moja la chuma la mtindo wa zamani laweza kuwa na vipande vingi vidogo vya kioo, huku vyuma vya kuzuia wezi vikizuia mkono upande wa ndani. Madirisha ya vipande vya kulala, yaliyo mengi Pwani, huoshwa kipande kimoja kimoja. Kwa hivyo vinavyopaswa kuhesabiwa ni vipande, na ugumu wa kuvifikia uzingatiwe.

Tuchukue mfano wa wafanyakazi 2 wanaolipwa Sh1,200 kila mmoja kwa siku. Nauli yao iwe Sh600, sabuni na vitambaa Sh300, akiba ya kununua vifaa vipya Sh300, na mchango wa bima na usimamizi Sh600. Jumla ni Sh4,200.

Iwapo wawili hao wanaosha vipande 60 kwa siku, ndani na nje, kila kipande kinaigharimu kampuni Sh70. Anayetoza Sh50 ili amshinde jirani hupoteza Sh1,200 kila siku akidhani anafanya biashara. Anayetoza Sh100 hubaki na Sh1,800.

Hesabu hizi hutofautiana kutoka mji hadi mji. La muhimu ni kila mwenye kampuni kupima kasi ya watu wake kwa saa kabla ya kutaja bei.

Hatari ya kuanguka

Hapa ndipo kazi hii inapoachana na usafi wa kawaida. Anayesugua sakafu akiteleza huumia. Anayeosha dirisha la ghorofa ya 3 akiteleza aweza kufa.

Kwa hivyo kanuni ya kwanza ni kufanya kazi ukiwa chini kila inapowezekana, kwa kutumia mpini mrefu. Mpini huo usikaribie nyaya za umeme, kwani alumini hupitisha umeme.

Ngazi ikilazimu kutumiwa, iwe ya kazi fupi tu. Miguu yake ikae mita 1 kutoka ukutani kwa kila mita 4 za kimo, juu ya ardhi imara, na mtu wa pili aishike. Mfanyakazi asijinyooshe kando kufikia kioo cha mbali. Ashuke na kuihamisha. Kusimama kwenye kizingiti cha dirisha kwa nje kupigwe marufuku kabisa.

Minara ya vioo kama ile ya Upper Hill, Nairobi, ni kazi ya mafundi wa kamba waliofunzwa. Hao hutumia kamba 2 zilizofungwa mahali tofauti, moja ya kazi na nyingine ya kuokoa. Kampuni changa ikipata zabuni ya aina hiyo, ni heri iwape kazi wenye ujuzi na kubaki na sehemu za chini.

Sheria na bima

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 humtaka mwajiri ahakikishe wafanyakazi wake wako salama, ikiwemo kuwapa mafunzo na vifaa vya kujikinga. Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini, pia ya 2007, humtaka awawekee bima. Mwajiri asijidanganye kwamba kibarua wa siku moja hamhusu.

Bima ya pili inayofaa ni ya madhara kwa watu wengine, kwa sababu ndoo au kifutio kikianguka chaweza kumjeruhi mpita njia au kuvunja kioo cha gari.

Kabla ya kuanza, mwenye kampuni athibitishe kuwa leseni yake ya kaunti inaruhusu huduma hiyo. Wateja walio kampuni huhitaji pia ankara ya kielektroniki ya eTIMS ili gharama zao zikubaliwe na Mamlaka ya Ushuru ya Kenya (KRA). Mauzo yakifika Sh5 milioni kwa mwaka, usajili wa ushuru wa VAT ni lazima.

Kampuni za vijana, wanawake na watu wenye ulemavu zina nafasi ya ziada, kwani asilimia 30 ya zabuni za serikali zimetengewa makundi hayo chini ya mpango wa AGPO. Hata hivyo, kushinda zabuni ya jengo refu bila uwezo wa kulifikia si ushindi.

Anayeanza na nyumba za chini, akajifunza kasi ya watu wake, akaweka akiba ya vifaa na bima, atapanda polepole. Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka. La msingi ni ashuke kwa miguu yake mwenyewe.